Kosa la sifuri lisilipwe na mfanyabiashara peke yake

Mfanyabiashara wa mpakani akikosea tarakimu moja kwenye fomu ya forodha, hukumu yake huja siku hiyo hiyo. Mzigo unazuiwa, faini inaandikwa, dereva analala kwenye lori, na mwenye mali anaanza kupiga simu kutafuta fedha. Serikali ikikosea tarakimu, au mtambo wake ukizimika, hakuna anayeandikiwa faini. Mzigo unazuiwa vilevile, dereva analala kwenye lori vilevile, na anayelipa ni yule yule mwenye mali.

Hili si jambo dogo la ufundi ambalo mafundi wa kompyuta watalimaliza wenyewe. Ni suala la siasa. Kila nambari inayotolewa na serikali, iwe kiwango cha kodi, bei ya fedha za kigeni au saa ya kufungua geti la mpaka, ni ahadi. Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja, watu hunung'unika. Ikivunjwa mara nyingi, watu huacha kuamini nambari zote za serikali na kujitafutia zao. Nchi iliyofika huko ipo, nayo ni Iran. Afrika Mashariki haijafika, lakini njia yake inajulikana, na baadhi ya hatua zake zimeshapigwa hapa.

Mbuya, upande wa mashariki wa Kampala, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Karibu na kilima hicho inapita Barabara ya Jinja, njia ya malori yanayotoka Malaba na Busia. Upande wa Nakawa limesimama jengo refu la Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA. Kuelekea Banda na Kireka zimepangana bondi za magari yaliyoshushwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam. Kilimani kuna kambi ya jeshi na hospitali yake, na kwa kuwa Kiswahili kimekuwa lugha ya askari wa Uganda tangu enzi za King's African Rifles, lugha hiyo si ngeni katika vibanda vya Kinawataka. Katika eneo dogo kama hilo wanakutana mtoza kodi, mlipa kodi, askari, dereva wa trela na wakala wa pesa za simu. Mtandao ukikatika, wote wanajua kwa wakati mmoja. Anayepoteza fedha ni mmoja tu.

Iran nayo huzungumzwa sana katika vijiwe vya namna hiyo. Wapo wanaoiona kama nchi jasiri inayokataa kupiga magoti mbele ya Marekani. Wapo wanaoiona kama dola inayowakandamiza raia wake, na wao hukumbusha maandamano ya mwaka 2022 baada ya kifo cha Mahsa Amini, msichana wa miaka 22 aliyefariki akiwa amekamatwa na polisi wa maadili. Vita vya siku 12 vya Juni 2025 kati ya Israel na Iran vilipozuka, mabishano yaliongezeka, na kwa wenye malori swali lilikuwa moja: mafuta yatapanda? Pande zote mbili zina hoja. Lakini zote huwa zinamsahau mtu ambaye angeeleweka haraka sana Busia au Mutukula, yaani mwenye duka wa sokoni Tehran, ambaye kwa miaka mingi amefanya biashara kwa nambari asizoziamini.

Fedha moja, majina mawili

Mgeni anayeingia Iran hukutana na fumbo siku ya kwanza. Noti zimeandikwa riali, lakini watu hutaja bei kwa tomani. Tomani moja ni riali 10. Tena muuzaji akisema "hamsini" anaweza kuwa na maana ya tomani elfu hamsini, yaani riali laki tano. Sifuri moja imeachwa kwa mazoea, nyingine tatu zimeachwa kwa kuchoka kuzitamka. Mwenyeji haoni shida. Mgeni analipa mara kumi, au anadhani ametapeliwa wakati hajatapeliwa.

Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki asicheke. Yeye ana shilingi tatu zenye jina moja. Shilingi ya Kenya hubadilishwa kwa takriban shilingi 27 au 28 za Uganda, na shilingi ya Tanzania kwa moja na nusu hivi. Mtu akisema kwenye simu "nitumie elfu hamsini", akiwa na maana ya fedha za Kenya, anadai karibu milioni moja na laki nne za Uganda. Akiwa na maana ya fedha za Tanzania, hata laki moja ya Uganda haifiki. Wenye uzoefu hutaja jina la nchi kila mara. Wasio na uzoefu hujifunza kwa hasara.

Saa pia ina majina mawili. Mswahili na Mganda wote huhesabu saa kuanzia mapambazuko: saa mbili ya asubuhi ni saa mbili. Kompyuta ya forodha haijui hilo. Yenyewe huandika 8:00, na ikiandika 2:00 bila kufafanua, dereva anaweza kuja asubuhi wakati miadi yake ilikuwa saa nane usiku. Anayesafirisha chai kwenda Iran anaongezewa la tatu, kwani saa ya Tehran iko nusu saa mbele ya Kampala na Nairobi, na mwaka wao mpya huanza mwezi Machi kwa kalenda yao wenyewe.

Makosa ya aina hii si ya mtu mmoja, na wala hayatokani na ujinga. Yanatokea kwa sababu mifumo miwili halali inakutana mezani bila mkalimani. Hata hivyo sheria za mpakani huyatazama kwa jicho moja tu: aliyejaza fomu ndiye mkosaji.

Serikali ilipokosea asilimia

Mwaka 2018 Uganda ilipata somo ambalo halipaswi kusahauliwa. Tarehe 1 Julai mwaka huo ilianza kutozwa kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu, sambamba na ile ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii. Malalamiko yalikuwa makubwa. Siku chache baadaye Rais Yoweri Museveni mwenyewe akatangaza kwamba asilimia 1 lilikuwa kosa, kwamba kiwango kilichokusudiwa kilikuwa nusu yake. Bunge lilipitisha marekebisho Oktoba: asilimia 0.5, tena kwa anayetoa fedha tu.

Kukiri kosa ni jambo la kuheshimiwa, na viongozi wengi hawalifanyi. Lakini kati ya siku kosa lilipokiriwa na siku sheria iliporekebishwa ilipita miezi, na katika miezi hiyo sheria ilikuwa bado ni sheria. Mama anayenunua nyanya Busia na kumlipa mkulima kwa simu hakuwa na uwezo wa kusema, "Rais amesema ni nusu, nami nitalipa nusu." Mfumo ulikata kama ulivyoelekezwa.

Sasa igeuzwe hali hiyo. Mama huyo huyo angeandika kwenye fomu ya forodha thamani iliyo nusu ya thamani halisi, kisha akasema wiki iliyofuata kwamba amekosea. Je, angepewa miezi mitatu ya kurekebisha? Kosa ni lile lile, la kuzidisha au kupunguza kwa mbili. Tofauti ni nani aliyelifanya.

Mtambo ukizimika

Tangu Himaya Moja ya Forodha ilipoanza kutumika mwaka 2014, mzigo wa Uganda unaoshuka Mombasa hutangazwa na kulipiwa ushuru Uganda kabla haujaondoka bandarini. Utaratibu huo umesaidia sana. Safari iliyokuwa ikichukua zaidi ya wiki mbili kutoka Mombasa hadi Kampala imepungua kuwa ya siku chache pale mambo yanapokwenda sawa. Vituo vya pamoja vya mpakani, kama vya Malaba, Busia na Mutukula, vimepunguza foleni ya kugonga mihuri mara mbili.

Lakini faida hiyo ina sharti. Mfumo wa forodha wa Uganda unapaswa kuzungumza na wa Kenya, na wa Kenya na wa bandari, na mara nyingine wa Tanzania na wa Rwanda. Mmoja ukigoma, mingine inasubiri. Karatasi zilipotumika, afisa aliyekosa wino aliazima kalamu. Siku hizi afisa aliyekosa mtandao hana cha kuazima. Anamwambia dereva asubiri, naye si mwongo wala mla rushwa, hana tu la kufanya. Nje, saa za maegesho zinahesabiwa. Siku za kurudisha kontena zinahesabiwa. Ndizi zinaiva, samaki anaharibika, na mkopo wa benki haujui kwamba mtandao ulikatika.

Kuna kuzimika kwa bahati mbaya na kuna kuzimwa kwa makusudi. Februari 2016, siku ya uchaguzi mkuu wa Uganda, huduma za pesa za simu zilifungwa pamoja na mitandao ya kijamii. Mwenye fedha zake kwenye simu alibaki na nambari kwenye kioo asiyoweza kuila. Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi, intaneti yote ilizimwa kwa siku kama tano. Sababu iliyotolewa ni usalama. Hata anayeikubali sababu hiyo hana budi kuuliza: gharama ya usalama huo iligawanywaje? Mwanajeshi alilipwa mshahara wake, mtumishi wa umma alilipwa wake. Aliyekuwa na mzigo njiani, asiyeweza kutuma tamko la forodha wala kulipa kwa benki ya simu, alitoa mchango ambao hakuna bajeti iliyowahi kuuandika.

Iran imelipitia hili kwa ukali zaidi. Novemba 2019 serikali ilipandisha bei ya petroli usiku, bila kutangaza mapema: kutoka tomani 1,000 hadi 1,500 kwa lita 60 za kwanza za mwezi, na 3,000 kwa zinazozidi hapo. Watu walipoandamana, intaneti ilizimwa karibu nchi nzima kwa takriban wiki moja, na Amnesty International ilithibitisha vifo vya watu zaidi ya 300. Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Oktoba 2021, kadi za mafuta ya ruzuku zikaacha kufanya kazi kwenye vituo takriban 4,300 kwa wakati mmoja. Kwenye mashine za vituo hivyo likatokea neno la shambulio la mtandaoni na nambari 64411, ambayo ni simu ya ofisi ya Kiongozi Mkuu wa nchi. Mfumo uliojengwa ili kila lita ihesabiwe ukashindwa kuhesabu hata lita moja. Foleni zilikuwa ndefu, na waliokuwa na fedha walilipa bei ya juu ili waendelee na safari.

Tukio hilo linaonyesha hatari ya kuweka kila kitu kwenye uzi mmoja. Kadi ya mafuta ilikuwa wazo zuri, na mfumo mmoja wa forodha ni wazo zuri. Kosa ni kukosa njia ya pili pale ya kwanza inapokatika.

Soko linapofunga milango

Wapo watakaosema Iran haifanani na Afrika Mashariki, kwa sababu matatizo yake yanatokana na vikwazo. Ni kweli kwamba vikwazo vimeiumiza. Benki zake ziliondolewa kwenye mtandao wa malipo wa SWIFT mwaka 2012, na baadhi yake zikaondolewa tena mwaka 2018 Marekani ilipojitoa kwenye makubaliano ya nyuklia. Athari zake zimefika hadi huku: Iran imekuwa mnunuzi muhimu wa chai ya Kenya, na anayemuuzia mteja ambaye benki yake haifikiki anajua maana ya kuzungushwa na malipo. Mnada wa Mombasa huuza pia chai ya Uganda na Rwanda, kwa hiyo mnunuzi mkubwa akipungua, mkulima wa Bushenyi naye anasikia.

Lakini vikwazo havielezi kila kitu. Si Marekani iliyoamua, Aprili 2018, kwamba dola moja itakuwa riali 42,000 wakati mitaani ilikuwa ghali zaidi. Ni serikali ya Iran. Matokeo yake yalikuwa yale ambayo mwenye duka yeyote angeyatabiri: aliyekuwa na jamaa ofisini alipata dola ya rahisi, akaagiza bidhaa au akasema ameagiza, akauza kwa bei ya dola ya ghali. Asiyekuwa na jamaa alinunua dola mtaani. Bei hiyo ya kutunga iliendelea kwa bidhaa muhimu hadi mwaka 2022. Wakati huo huo riali iliendelea kuporomoka, na mwaka 2025 dola moja ilivuka riali milioni moja. Mtu wa kawaida amejifunza kuweka akiba kwa dhahabu na dola. Ukimuuliza bei rasmi, atatabasamu.

Wala tabia ya watawala kuchezea nambari haikuanza na Jamhuri ya Kiislamu. Mwaka 1976 Shah aliamua kalenda ianze kuhesabiwa tangu ufalme wa Cyrus, na mwaka 1355 ukageuka 2535. Nyaraka, mikataba na vyeti vyote vilipaswa kufuata. Wananchi wengi waliona wametukanwa katika dini yao, na wengine walichanganyikiwa tu. Mwaka 1978, maandamano yakiwa yamepamba moto, serikali ikairudisha kalenda ya zamani, lakini ilikuwa imechelewa. Mwaka uliofuata utawala wenyewe ulianguka, na wafanyabiashara wa masoko makuu walikuwa miongoni mwa waliouangusha.

Masoko hayo hayajasahau nguvu yao. Oktoba 2008 serikali ya Rais Mahmoud Ahmadinejad ilianzisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 3. Wauza dhahabu wa Isfahan walifunga maduka, miji mingine ikafuata, hadi soko kuu la Tehran. Serikali ikaisimamisha kodi hiyo. Wenye maduka hawakupinga asilimia 3 peke yake. Walipinga kufunguliwa vitabu vyao na serikali ambayo yenyewe haifungui vyake.

Mfanyabiashara wa Kampala ataona kitu anachokifahamu hapo. Aprili 2024 maduka ya Kikuubo na mitaa mingine ya katikati ya jiji yalifungwa kwa sababu ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki ambao URA imekuwa ikiusimamia kwa lazima tangu Januari 2021. Malalamiko yalihusu pia ushuru wa nguo unaopimwa kwa kilo, na faini kwa risiti ambazo hazikutolewa. Rais alilazimika kukutana na wafanyabiashara mwenyewe. Waliofunga maduka hawakuwa wote wakwepa kodi, kama walivyoitwa na baadhi ya watu. Wengi walisema jambo la wazi: mashine ikigoma, au aliyekuuzia asipotoa risiti ya mfumo, wewe wa mwisho ndiye unayebeba.

Tofauti ya Kampala na Tehran ni kwamba Kampala bado kuna mazungumzo. Hiyo ni mali, na mali hulindwa. Mfanyabiashara anayefunga duka bado anaamini kuna mtu atakayemsikiliza. Atakapoacha kuamini hatafunga duka, atalihamishia pembeni mwa barabara, kwenye njia za panya, kwenye daftari mbili na kwenye dola chini ya godoro. Mapato ya serikali yatapungua bila hata mgomo mmoja.

Kukata sifuri si kuponya

Oktoba 2025 Bunge la Iran lilipitisha sheria ya kukata sifuri nne kwenye riali. Riali 10,000 za sasa zitakuwa riali moja mpya, na mpito utachukua miaka kadhaa. Itapunguza kuchoka kwa midomo na kubana nafasi kwenye vitabu vya hesabu. Haitaongeza mkate mezani. Kama sababu za kuporomoka zitabaki, sifuri zitarudi.

Waganda wa umri fulani hawahitaji kuelezwa. Mei 1987 serikali mpya ya NRM ilikata sifuri mbili: shilingi 100 za zamani zikawa moja mpya, na juu yake ikakata asilimia 30 ya kodi ya kubadilisha. Aliyekuwa na milioni moja ya zamani alibaki na shilingi mpya 7,000 badala ya 10,000. Yaliyofuata yanaonekana kila siku: leo noti kubwa ya Uganda ni ya shilingi 50,000. Kilichotuliza mfumuko wa bei katika miaka ya tisini hakikuwa mkasi, ilikuwa nidhamu ya matumizi na kuacha bei ya dola iamuliwe sokoni.

Na mkasi wa jirani pia hukata. Juni 2019 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zitakoma kutumika baada ya Septemba 30. Lengo lilikuwa kuwabana wenye fedha chafu. Lakini noti hizo zilikuwa pia mikononi mwa wauza mahindi wa upande wa Uganda na wauza vitunguu wa upande wa Tanzania, na ubadilishaji wake katika nchi hizo mbili ukabanwa. Aliyekuwa na noti halali, alizozipata kwa jasho halali, alilazimika kuvuka mpaka na kujieleza.

Ndiyo maana sarafu moja ya Afrika Mashariki ni habari njema na hatari kwa pamoja. Itifaki ya Umoja wa Fedha ilisainiwa hapa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ikilenga sarafu hiyo iwepo mwaka 2024. Mwaka huo umepita, na sasa inatajwa 2031. Kuchelewa huko si aibu. Aibu itakuwa kuifikia 2031 huku hakuna kanuni inayosema nani atabeba hasara siku nchi nane zitakapobadilisha nambari zote kwa pamoja na mitambo ikakosea.

Yanayoweza kufanywa sasa

Serikali husema, na kwa haki, kwamba mifumo ya kielektroniki imepunguza rushwa na kuongeza mapato. Hakuna mfanyabiashara makini anayetaka kurudi enzi za bahasha. Kinachotakiwa ni usawa katika kubeba makosa, na unaweza kuanza na mambo manne.

Kwanza, kila mamlaka ya mapato itangaze hadharani saa mfumo wake ulipozimika na saa uliporudi, na tangazo hilo liwe ushahidi. Saa hizo zitolewe kwenye hesabu ya maegesho, ya ghala la forodha na ya faini ya kuchelewa. Asiyeuza muda asiutoze.

Pili, kuwe na njia ya pili iliyoandikwa. Mfumo ukikaa chini kupita saa chache zilizokubaliwa, mzigo uendelee kwa karatasi na lakiri. Lori linaweza kufuatiliwa njiani kwa lakiri za kielektroniki ambazo tayari zinatumika kati ya Mombasa, Kampala na Kigali. Hauhitajiki uvumbuzi hapo, inahitajika amri.

Tatu, sheria itofautishe kuteleza na kudanganya. Sifuri iliyozidi, sarafu iliyokosewa jina, saa iliyoandikwa kwa Kiswahili badala ya saa ya kompyuta, haya yarekebishwe kaunta kwa ada ndogo. Faini kubwa ibaki kwa aliyeficha.

Nne, serikali ikikiri kwamba kiwango cha kodi kimekosewa, kiwango hicho kisimame siku hiyo, na kilichozidi kiwe salio la mlipaji.

Zana za kuanzia zipo. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiushuru inaruhusu kikwazo kuripotiwa na kushughulikiwa. Kuzimika kwa mfumo siku tatu ni kikwazo kama mti uliolazwa barabarani, na vyama vya wafanyabiashara viuripoti hivyo kila unapotokea, kwa tarehe na saa, hadi orodha iwe ndefu kiasi cha kumchosha waziri. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 nayo inaruhusu kudai ushuru uliolipwa kimakosa, mradi dai lifike ndani ya miezi 12. Wanaopoteza haki hiyo kwa kutojua ni wengi kuliko wanaoinyimwa.

Hapo mfanyabiashara naye ana wajibu wake. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na simu yenye picha ya risiti ni daftari. Anayepitisha mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 kwa utaratibu uliorahisishwa aandike jina la nchi mbele ya kila shilingi. Apige picha ya kioo kilichoandika kwamba huduma haipatikani, pamoja na saa. Aombe jina la afisa kwa adabu. Asikubali kuambiwa tu "mtandao hakuna" bila kuandikiwa. Ushahidi wa mtu mmoja ni malalamiko, wa watu mia mbili ni hoja ya Bunge la Arusha.

Iran ina watu wasomi, ustaarabu mkongwe na wafanyabiashara hodari, na bado imefika mahali ambapo mwenye duka husubiri habari ya jioni kabla ya kupanga bei ya asubuhi. Haikufika huko kwa vita peke yake wala kwa vikwazo peke yake. Sehemu ya njia iliipita yenyewe, kwa kila nambari iliyotangazwa na watawala na kulipiwa na wengine. Anayeshuka Barabara ya Jinja na lori la mahindi hahitaji kuchagua kati ya kuipenda Iran na kuichukia. Anahitaji kudai kwamba hapa, kosa likitokea, liandikwe jina la aliyelifanya, na gharama ipelekwe kwenye anwani hiyo.